Sauti mbele, mafaili nyuma: namna ninavyopanga mulongo ndani ya swichi

Mkubwa wa ajansi aliniita akiwa ameshika mkono wa simu mbali na sikio, kama mtu aliyeshika samaki. “Mama fundi, sikiliza mwenyewe. Huyu dereva anasema sawa mutu iko mu mayi.” Nikasikiliza. Kweli, alisikika kama mtu aliye ndani ya maji. Dereva wetu alikuwa Kasumbalesa, mpakani na Zambia, na karatasi za mzigo mkononi, na katika kila maneno matano yake nilipata mawili. Ilikuwa saa kumi alasiri. Saa nne asubuhi simu hiyo hiyo, kwa dereva huyo huyo, ilikuwa imepita safi.

Ninatunza mtandao wa ajansi moja ya forodha hapa Lubumbashi: wafanyakazi 16, simu za IP 14 (zinazopitisha sauti kwenye mtandao), kompyuta mezani, kamera nne, na swichi moja ya okazo, yaani iliyokwisha kutumika: Cisco Catalyst 2960 yenye poti 24, kisanduku kinachounganisha kebo zote za ofisi. Intaneti yao inapandisha megabiti 12 kwa sekunde. Si nyingi, lakini kwa simu 14 inabaki. Tatizo lao lilikuwa moja: saa ya alasiri ndiyo saa ambayo papa mhasibu anapandisha skani za matamko ya siku nzima, faili moja baada ya jingine, na mafaili hayo yanajaa njia kama malori.

Nitaeleza nilivyolitatua kwa swichi hiyo. Kama yako ni ya aina nyingine, amri zitabadilika lakini fikra ni ile ile. Kwenye swichi zenye menyu ya Kifaransa kazi hii ya kupanga kipaumbele utaikuta chini ya “Qualité de service”, ubora wa huduma. Mafundi wengi tunaandika tu QoS.

Kwanza tafuta mulongo uko wapi

Kabla ya kugusa amri yoyote, jiulize paketi, vile vipande vidogo ambavyo sauti na faili hukatwa ili visafiri, zinasimama wapi. (Nasema mulongo, wasomaji wa Tanzania na Kenya wanasema foleni. Kenya ile nchi, si komini yetu ya Kenya.) Kipaumbele hakiongezi hata biti moja ya intaneti. Kazi yake ni kuchagua nani apite kwanza pale ambapo wote hawawezi kupita pamoja. Mahali ambapo hakuna msongamano, kipaumbele hakina kazi.

Aliyekwenda Kasumbalesa ananielewa. Ni karibu kilomita 90 kutoka hapa. Malori ya shaba yanatoka mjini bila shida, barabara ni ndefu, kisha kwenye mpaka yanasimama, mkia unarudi nyuma mpaka huoni mwisho. Sasa weka polisi kwenye njia ya kutokea Lubumbashi, mwambie apitishe ambulansi mbele ya malori. Atafanya kazi nzuri, na ambulansi itafika haraka sana kwenye mkia wa mulongo, isimame hapo. Polisi yule alipaswa kuwa mpakani.

Ndani ya ofisi, kati ya kompyuta na swichi, una megabiti 100 kwa sekunde au gigabiti nzima. Hapo mulongo ni wa nadra. Mulongo uko pale njia pana inapoingia kwenye njia nyembamba, na kwa ofisi nyingi za mji huu hapo ni kisanduku cha mtoa intaneti kilicho ukutani. Kisanduku hicho kinapokea megabiti 100 kutoka ndani na kinaweza kutoa 12 tu. Zinazobaki kinaziweka kwenye kumbukumbu yake zingoje, zote sawa, sauti na skani, aliyetangulia ndiye wa kwanza.

Namna ya kuthibitisha haihitaji chombo cha bei. Fungua ping (amri inayotuma paketi ndogo na kupima muda wake wa kwenda na kurudi) ya kwenda nje asubuhi, andika namba. Fungua tena saa ya malalamiko. Kwa ajansi yetu asubuhi ilikuwa kama milisekunde 70, alasiri ikapanda mpaka 900 na zaidi. Kisha piga ping ya ndani, kutoka kompyuta moja kwenda nyingine: chini ya milisekunde 1 saa zote mbili. Basi ndani ni wazima. Mgonjwa yuko mlangoni.

ITU, umoja wa kimataifa wa mawasiliano, katika pendekezo lake la G.114, inataka sauti ichukue chini ya milisekunde 150 kwa upande mmoja ili watu wazungumze bila kugongana. Sisi tulikuwa karibu na sekunde nzima kwa kwenda na kurudi. Ndiyo maana mkubwa na dereva walikuwa wanasema “allô, allô” kwa wakati mmoja kisha wananyamaza kwa wakati mmoja.

Hesabu ya sauti

Papa mhasibu aliposikia ninakuja kupanga kipaumbele alinijia na uso wa kesi. “Mama, unataka kunifungia intaneti juu ya simu zenu?”

Nikamwandikia kwenye karatasi. Simu inayotumia kodeki (namna ya kugeuza sauti kuwa namba) ya G.711 inatoa sauti ya kilobiti 64 kwa sekunde. Inatuma paketi 50 kila sekunde, kila moja ikiwa na sauti ya milisekunde 20, yaani baiti 160. Ongeza baiti 40 za vichwa vya safari (IP, UDP na RTP), ongeza 18 za fremu ya Ethernet, bahasha ya kwenye kebo, unafika karibu kilobiti 87. Watu kumi wakizungumza kwa wakati mmoja, ni kilobiti 870. Haifiki megabiti moja. “Papa, hata ofisi yote ikishika simu, unabakiwa na zaidi ya megabiti nane. Skani yako itachelewa kwa muda wa kuvuta kiti.” Akakubali, ingawa aliikunja ile karatasi akaiweka mfukoni, nadhani ili aje anidai siku moja.

Sauti haili sana. Inachohitaji ni kutongoja. Skani ni kinyume chake, inakula sana na haijali kungoja.

Alama mbili, na nani wa kuaminiwa

Swichi haijui hii ni sauti na hii ni skani. Inasoma alama. Alama ziko za aina mbili na watu wanazichanganya kila siku.

Ya kwanza iko kwenye fremu ya Ethernet, ndani ya lebo ya 802.1Q, ile ile inayobeba namba ya VLAN (mtandao uliotengwa ndani ya swichi hiyo hiyo). Lebo ni baiti 4, na ndani yake biti 3 ni za kipaumbele: 0 mpaka 7. Cisco wanaiita CoS. Sauti inapewa 5. Angalia: fremu isiyo na lebo haina alama hii kabisa.

Ya pili iko ndani ya kichwa cha IP, inaitwa DSCP, biti 6, namba 0 mpaka 63, ilivyopangwa mwaka 1998. Sauti inapewa 46. Ishara za simu, zile za kuita na kukata, mara nyingi 24 au 26. Vingine vyote 0. Alama hii inasafiri na paketi kutoka kebo moja kwenda nyingine. Lakini usijidanganye: ukishatoka kwako, mtoa intaneti ana haki ya kuipuuza au kuifuta, na mara nyingi ndivyo inavyokuwa. Unapanga mulongo wa nyumba yako, si wa mji.

Swali linalofuata ni la imani. Kompyuta yoyote inaweza kuandika 46 kwenye paketi zake. Ukiamini kila alama inayoingia, siku moja programu fulani ya kushusha filamu itajiandikia 46 na itapita mbele ya mkubwa. Mimi ninaamini simu, siamini kompyuta. Lakini kwetu kompyuta imechomekwa nyuma ya simu, na zote mbili zinaingia kwenye poti moja ya swichi. Utazitenganisha vipi?

Kwa VLAN ya sauti. Simu inaweka lebo yenye VLAN 20 na kipaumbele 5. Kompyuta haiweki lebo. Ukiiambia poti iamini CoS, simu inapata 5 yake, na fremu za kompyuta, kwa kuwa hazina lebo, zinapewa CoS ya poti, yaani 0. Hata kompyuta ikijiandikia 46, inafutwa mlangoni. Ninaipenda njia hii kwa sababu haitegemei simu ya kampuni moja; zetu ni za aina tatu, kila moja ilikuja kwa safari yake.

Amri

Ingia kwenye swichi kwa kebo ya konsoli, si kwa mtandao. Ukikosea poti ya ruta (kifaa kinachopeleka paketi za ofisi kwenye intaneti) ukiwa mbali utajifungia nje, nami nimeshapanda teksi usiku kwa kosa hilo.

```
configure terminal
lldp run
mls qos
mls qos map cos-dscp 0 8 16 24 32 46 48 56
```

`lldp run` ni ya kuambia simu zisizo za Cisco namba ya VLAN ya sauti, usianze kuziandikia moja moja.

`mls qos` ndiyo inayowasha kila kitu, na ndiyo mtego wa kwanza. Kabla ya kuiwasha, 2960 inapitisha alama zote kama zilivyokuja, bila kuzigusa. Ukiiwasha, poti zote kwa mara moja hazimwamini mtu, na alama zote zinafutwa kuwa 0. Mara yangu ya kwanza niliandika amri hiyo moja tu, nikatoka kwenda kula bukari, nikifikiri nimewasha taa. Kumbe nilikuwa nimefuta hata alama nzuri zilizokuwa zinapita zenyewe. Niliporudi mama wa mapokezi alikuwa ameacha simu ya mezani, anatumia ya mkononi. Usiandike `mls qos` kama huna muda wa kuandika na zinazofuata.

Mstari wa nne unatafsiri CoS kuwa DSCP. Namba nane, ya kwanza ni ya CoS 0, ya mwisho ni ya CoS 7. Bila mstari huo, swichi hii inatafsiri 5 kuwa 40, na ruta iliyo mbele inatafuta 46. Ndiyo maana ya sita pale ni 46.

Sasa poti za meza:

```
interface range fastethernet0/1 - 16
 switchport mode access
 switchport access vlan 10
 switchport voice vlan 20
 mls qos trust cos
 priority-queue out
```

Na poti ya kwenda kwenye ruta, kwetu ni ya 24:

```
interface fastethernet0/24
 switchport mode trunk
 mls qos trust dscp
 priority-queue out
 srr-queue bandwidth limit 10
```

Kila poti ina milongo minne ya kutokea. `priority-queue out` inafanya mulongo wa kwanza kuwa wa wakubwa: alimradi kuna paketi ndani yake, milongo mingine mitatu inangoja. Kwenye swichi hii CoS 5 inaingia mulongo wa kwanza bila wewe kuagiza. Paketi kubwa ambayo imeshaanza kutoka haikatwi katikati, ambulansi inangoja lori lililo tayari ndani ya geti, lakini kwa megabiti 10 paketi ya baiti 1500 inatoka kwa milisekunde 1.2. Hakuna sikio linaloisikia.

Mstari wa mwisho ndio uliotibu ajansi. Ningeandika yote yaliyo juu bila huo, mkubwa angeendelea kusikia mtu mu mayi. Poti 24 inakwenda megabiti 100. Intaneti inapandisha 12. Mradi swichi inatuma kwa 100, mulongo hautaundwa kwake, utaundwa kwenye kisanduku cha ukutani ambacho hakijui alama. `limit 10` inaiambia poti itume asilimia 10 tu ya mwendo wake: megabiti 10. Sasa njia nyembamba ni ya kwangu. Mulongo umehama kutoka kwenye kisanduku ukaja kwenye swichi, mahali nina polisi. Nimetoa megabiti mbili sadaka, na ndiyo bei yake.

Kuna mambo mawili kuhusu amri hiyo. Inakubali kuanzia 10 mpaka 90 tu, na namba si kamili, chuma chenyewe kinapima kwa hatua za 6, hivyo pima matokeo usiamini maandishi. Pia inahesabu kwa mwendo wa poti: ukichomeka ruta kwenye poti ya gigabiti, asilimia 10 ni megabiti 100, na umerudi mwanzo. Ndiyo sababu ruta yetu iko kwenye poti ya 24 na si kwenye zile mbili za gigabiti pembeni, ingawa kila fundi anayepita ananiuliza kwa nini “ninaiharibia” ruta nzuri.

Kisha, kabla hujainuka:

```
end
copy running-config startup-config
```

Mji wetu na umeme tunajuana. Mara ya pili niliyofanya kazi hii, katika ofisi nyingine, niliipanga vizuri, nikajaribu, nikapongezwa, nikafika nyumbani. Usiku umeme ukakatika. Asubuhi swichi iliamka kama mtoto mchanga, haikumbuki hata jina lake.

Kujaribu, na pale nilipojidanganya

Nilimwomba papa mhasibu apandishe faili zake zote kwa makusudi, akafurahi sana. Nikachomeka kompyuta yangu ya Linux kwenye poti ya meza, nikapiga ping mbili, moja ya kawaida, moja yenye alama:

```
ping 8.8.8.8
ping -Q 184 8.8.8.8
```

184 ni 46 mara 4, kwa sababu amri hii inataka baiti nzima na DSCP ni biti 6 za juu. Nilitegemea ping yenye alama iruke mbele. Zote mbili zikaja sawa: kama milisekunde 110, na nyingine zinapotea. Nilikaa nusu saa nikitafuta kosa kwenye amri. Nikabadilisha ramani ya DSCP, nikairudisha. Nikalaumu okazo.

Kosa lilikuwa mimi. Poti ya meza haiamini kompyuta. Swichi ilikuwa inafuta 46 yangu mlangoni kama nilivyoiagiza. Nilichukua poti 17 iliyo wazi, nikaiweka VLAN 10 kama poti za meza, nikaipa `mls qos trust dscp` kwa muda, nikahamia huko. Ping ya kawaida: 110 na kupotea. Ping yenye alama: 70 hadi 75, hakuna iliyopotea, na papa mhasibu bado anapandisha. Nikaondoa imani kwenye poti 17 siku ile ile.

Utauliza kwa nini hata ping isiyo na alama ilishuka kutoka 900 mpaka 110. Ni kwa sababu ukumbi wa kungojea wa swichi ni mdogo. Kisanduku cha ukutani kilikuwa kinaweka karibu sekunde nzima ya paketi bila kumfukuza mtu. Swichi ikijaa inatupa. Kutupwa si msiba kwa faili: kompyuta ya mhasibu inaona paketi imepotea, inapunguza mwendo, inatuma tena.

Baada ya ping, angalia hesabu za swichi yenyewe:

```
show mls qos interface fastethernet0/24 statistics
```

Utaona safu za DSCP zilizoingia na kutoka, kisha milongo minne na paketi zilizotupwa. Tahadhari: kwenye amri milongo ni 1 mpaka 4, kwenye ukurasa huu ni 0 mpaka 3. Sauti uliyoiweka mulongo wa 1 utaisoma kwenye 0. Mahali pa 0 pasiwe na zilizotupwa. Mahali pa 1, ambapo ndipo mafaili yapo, zitakuwepo, na ni sawa.

Zikizidi kiasi cha mhasibu kulalamika, ni kwa sababu `mls qos` iligawa ukumbi sehemu nne zinazolingana, na mafaili yakabanwa kwenye robo yao huku nyumba nyingine ziko wazi. Wape zaidi:

```
mls qos queue-set output 1 buffers 10 60 15 15
```

Jumla lazima iwe 100. Sauti haihitaji ukumbi mkubwa. Sauti inayongoja imeshaoza.

Ukurasa huo huo ndio ulionionyesha simu mbili za ajansi ambazo zilikuwa bado zinakatika. Niliangalia poti zao na kuona CoS iliyoingia ni 0 tupu. Simu zilikuwa zinaweka lebo ya VLAN 20 vizuri, lakini kwenye sehemu ya kipaumbele zinaandika 0, na mimi nimeiambia swichi iamini hicho hicho. Niliingia kwenye ukurasa wa kila simu, nikatafuta kipaumbele cha VLAN, nikaweka 5. Dakika mbili kwa simu.

Kinachoshuka

Yote haya ni ya kupandisha. Sauti ya dereva inayokuja kwetu inashuka, na mulongo wake uko kwa mtoa intaneti, upande wa pili wa ukuta. Huwezi kuupanga. Unachoweza ni kuuzuia usijae: kwenye ruta, weka kikomo cha mafaili yanayoshuka chini kidogo ya unacholipia, watumaji watapunguza mwendo wenyewe, na ukumbi wa mtoa intaneti utabaki na nafasi. Kwa ajansi nilifanya hivyo kwenye ruta na sikuigusa swichi.

Neno moja kuhusu kamera, kwa kuwa kila mkubwa ataliuliza. Mkubwa wangu alitaka aangalie ghala kutoka nyumbani bila picha kuganda, akaniambia nizipe kamera “namba ya simu”. Nilikataa, kisha nikachoka kukataa. Kamera nne, kila moja karibu megabiti 4, zote na 46, kwenye mlango wa megabiti 10. Mulongo wa kwanza haukuisha, na milongo mitatu mingine haikuonja kitu. Barua pepe hazikutoka, mhasibu hakupandisha hata ukurasa, na simu zenyewe zikaanza tena maji kwa sababu ziko mulongo mmoja na kamera. Ilidumu dakika ishirini. Sasa kamera ziko kwenye 0 kama watu wengine, na nilizipunguzia ukubwa wa picha kwenye kamera zenyewe. Ghala linaonekana. Mulongo wa kwanza ni wa sauti peke yake, na hata ukiongezewa cheo usiingize kingine.

Jambo la mwisho ni karatasi. Bandika ndani ya mlango wa kabati: poti ya ruta ni ipi, kikomo ni kiasi gani, kiliwekwa kwa intaneti ya megabiti ngapi. Mimi sikubandika. Miezi iliyofuata ajansi ilinunua megabiti 20, na wiki nzima papa mhasibu akasema hakuna kilichobadilika, wamelipia hewa. Tulimpigia mtoa intaneti mara tatu, naye kila mara akapima na kusema 20 zinafika. Zilikuwa zinafika. Mwisho wa wiki hiyo nilifungua poti 24 nikakuta mwandiko wangu mwenyewe, `limit 10`. Nikaandika 18, nikahifadhi, nikaomba msamaha kwa simu, na kwenye simu hiyo walinisikia vizuri kabisa.